Uliza Ujibiwe: Gangilonga, Mtaa Ulioazima Jina la Jiwe

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka Iringa, na kwa bahati nyingi zinauliza juu ya eneo moja. Tumeona ni vyema safu nzima tuipe Gangilonga, na majirani zake kidogo.

SWALI: Kamwene, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na nimepanga chumba Kihesa, lakini kila Jumamosi huenda Gangilonga kumfundisha hisabati mtoto wa shangazi yangu. Tangu nifike Iringa kutoka Tabora nimeambiwa kwamba maana ya jina hilo ni jiwe linaloongea. Mama mwenye nyumba wangu anasema jiwe hilo lilimwonya Mkwawa kwamba Wajerumani wanakuja. Mwenzangu wa darasani anasema hizo ni hadithi za kuwavutia watalii. Nimsadiki nani? — N.S., Kihesa

JIBU: Kamwene, mwanangu. Tuanze na jina, kwa sababu hapo hakuna ubishi. Kwa Kihehe *liganga* ni jiwe au mwamba, na *kulonga* ni kusema. Neno hilo la kwanza unaweza kulikuta hata mbali na Iringa: Liganga ya Ludewa, ule mlima wenye chuma, ni neno lilelile katika lugha za jirani. La pili halihitaji mkalimani, kwani hata katika Kiswahili mtu hulonga na mwenzake. Gangilonga, basi, ni jiwe lisemalo, na jiwe lenyewe bado lipo, kaskazini mashariki mwa katikati ya mji, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kutoka Soko Kuu ukitembea bila haraka.

Sasa tuje kwa Mkwawa. Mambo yaliyoandikwa na kuthibitika ni haya. Mkwavinyika, ndiye huyo Mkwawa, mwana wa Munyigumba, alishika utawala wa Uhehe baada ya baba yake kufariki mwaka 1879 na baada ya mvutano mkali wa kurithi. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yalikivizia kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski, ambaye Waswahili walimpa jina la Nyundo. Wajerumani walirudi miaka mitatu baadaye wakiwa na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, lakini mtu waliyemtaka hawakumpata. Mkwawa aliwasumbua porini kwa karibu miaka minne mingine, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi huko Mlambalasi kuliko kukamatwa hai.

Katika orodha hiyo jiwe halimo. Limo katika simulizi za wazee, nazo nimezisikia kwa namna mbili: wengine husema mtawala alikwenda pale kutulia na kutafakari, na wengine husema jiwe ndilo lililompa habari za adui. Mwenzako wa darasani ana haki ya kuuliza ushahidi, lakini amekosea akidhani hadithi hii ilitungwa kwa ajili ya watalii, maana jina limekaa katika vinywa vya wenyeji kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa mjini.

Mwaka juzi nilipanda pale mwezi Julai, saa kumi na moja jioni, nikiwa nimevaa sweta na bado natetemeka. Mwamba ule ni mkubwa kuliko unavyoonekana kutoka barabarani, umekaa juu ya kilima kama mnyama aliyelala, na una ufa ambao mtu mwembamba anaweza kuingiza bega. Watoto wa shule wamechora majina yao kwa chokaa na kwa misumari. Jina moja lilikuwa limefutwa na kuandikwa upya mara tatu, sijui kwa mapenzi au kwa ugomvi. Upepo ulipovuma kutoka upande wa bonde nilisikia mlio mzito ukitoka katika ufa ule, mlio wa mtu anayepuliza kwenye mdomo wa chupa. Mzee niliyefuatana naye hakusema neno. Alinitazama tu, kama anayesubiri nikiri.

Ukisimama juu yake unauona mji wote, mabati yake na miti yake, na vilima nyuma yake. Dhana yangu mimi, ambayo uko huru kuikataa, ni kwamba mwamba wa namna hii lazima uliwahi kuwa na walinzi juu yake, na kwamba mlinzi anayeona vumbi la jeshi mbali na kukimbilia kutoa habari anatosha kabisa kulipa jiwe sifa ya kusema. Kwa hiyo mama mwenye nyumba wako usimcheke.

SWALI: Mhariri, katika toleo lililopita mliandika kwamba “mji wa Iringa ulikuwa ngome ya Mkwawa.” Sisi tuliokulia Kalenga tumesikitika. — Mzee wa Kalenga

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Tumekosea na tunaomba radhi. Ngome ya Mkwawa ilikuwa Kalenga, kilomita zipatazo 15 kutoka mji wa leo, na ni huko liliko fuvu lake, linalotajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, fuvu ambalo Gavana Edward Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, mwezi Juni 1954.

Hata hivyo kosa letu lina chanzo chake, nacho ni jina. *Lilinga* kwa Kihehe ni ngome, na Iringa ni neno hilohilo lililopita katika vinywa vya wageni. Tom von Prince, yule ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, alipoanzisha kituo cha kijeshi mwaka 1896 juu ya uwanda unaoutazama Mto Ruaha Mdogo, Wajerumani waliuita mji huo Iringa Mpya, na Kalenga wakaiita Iringa ya Kale. Waliivunja ngome, kisha wakalichukua jina lake na kulihamishia kwao. Msomaji atakayefuatilia majibu yanayofuata ataona kwamba jambo hilo halikutokea mara moja tu.

SWALI: Mimi ni mstaafu. Nilihamishiwa Iringa mwaka 1974 na nikapewa nyumba ya serikali Gangilonga. Ilikuwa na veranda mbele, bomba la moshi juu ya paa kwa sababu ya baridi, ua wa michongoma, na nyuma kabisa chumba kimoja cha mtumishi tulichokuwa tukikiita boi kota. Jirani yangu alikuwa mbali kiasi kwamba nikitaka kumsalimu nilivaa viatu. Leo nikipita naona kuta na mageti tu, na mabango ya nyumba za wageni. Ninyi mnaoandika historia nielezeni: nani alipima viwanja vikubwa vile, na kwa nini kule tu? — Mstaafu, Makambako

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Barua yako imetufurahisha kuliko zote, hasa hivyo viatu.

Viwanja vile vilipimwa na utawala wa kikoloni kwa ajili ya maofisa na walowezi wa Kizungu, na ndiyo maana watu wa makamo mpaka leo wanaliita eneo hilo Uzunguni. Waingereza waliiteka Iringa Agosti 1916, na baadaye wakatawala Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, jambo lililowazuia kuandika waziwazi kwamba mtaa fulani ni wa rangi fulani. Walipata njia ya kupita pembeni. Katika miji ya Tanganyika kanuni ziligawa maeneo matatu kwa kutaja aina ya jengo: eneo la nyumba za makazi za namna ya Kizungu, eneo la nyumba za biashara na makazi pamoja, na eneo la nyumba za kienyeji. Mwafrika hakukatazwa kwa maandishi kujenga katika eneo la kwanza. Alitakiwa tu ajenge nyumba ambayo mshahara wake usingeiwezesha katika maisha matatu. Hivyo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, majina ambayo hayakuandikwa katika kanuni yoyote lakini kila mtoto aliyajua.

Iringa ilikuwa na wageni wa kutosha kuijaza Uzunguni yake. Baadhi ya Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920 wakalima Dabaga na Sao Hill, mpaka vita ya 1939 ilipowatia kizuizini. Huko Mufindi walowezi walifungua mashamba ya chai. Wagiriki walilima tumbaku. Katika siku za mwisho za ukoloni ilijengwa hapa shule ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's, yenye majengo ambayo baadaye yakawa Sekondari ya Mkwawa na tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu.

Kwa nini kilimani, na kwa nini mbalimbali? Ukiacha fahari, kulikuwa na hofu ya homa. Madaktari wa kikoloni waliamini kwamba Mzungu angeepuka malaria kama angelala mbali na nyumba za Waafrika, umbali ambao mbu asingeweza kuruka, ndiyo maana miji yao ilipenda kuacha uwazi kati ya mitaa. Tazama sasa kichekesho cha mpango huo: yule yule aliyeogopwa kulala umbali wa kilomita moja ndiye aliyelazwa mwisho wa ua, katika boi kota, ili chai ya asubuhi isichelewe.

Na jina? Watawala walipima viwanja vyao chini ya mwamba wa Wahehe, wakaupa mtaa jina la mwamba huo, na wenye mwamba wakabaki Mlandege, Makorongoni na Kitanzini. Ni mambo yaleyale ya Kalenga.

Baada ya Uhuru wa 1961 nyumba hizo zilipokewa na maofisa wa Kiafrika waliopandishwa vyeo, wale ambao mitaani waliitwa kwa utani *naizesheni*. Mtaa ukabadilisha wakazi bila kubadilisha tabia: nyumba ilifuata cheo, na cheo kikiondoka nyumba nayo inaondoka, kama wewe mwenyewe unavyojua. Katikati ya mji mambo yalikwenda vingine, kwani sheria ya 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na ghorofa nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi katika miji yetu zilipata mwenye nyumba mpya, yaani serikali.

Mabadiliko unayoyaona wewe yana umri mdogo zaidi. Kuanzia 2002 serikali iliuza nyumba zake nchini kote, nyingi kwa watumishi waliokuwa wakiishi ndani yake, uamuzi ambao bungeni ulilalamikiwa kwa miaka mingi. Nyumba ya cheo huiongezei hata tofali, kwa sababu kesho utahamishiwa Songea. Nyumba yako mwenyewe, yenye uwanja unaotosha nyumba nne, unaitazama kwa jicho jingine: unapandisha ukuta, unajenga vyumba nyuma, unauza kipande, au unaipangisha shirika linalotaka ofisi tulivu yenye maegesho. Wakati huohuo vyuo vikuu vilikua, mji ukavuka watu 200,000 katika sensa ya 2022, na wageni wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha wakahitaji mahali pa kulala usiku mmoja. Kwa mahitaji hayo yote, hakuna mtaa mjini wenye nafasi kama Gangilonga.

Nami nina maoni yangu kuhusu zile kuta. Michongoma ya enzi yako ilimficha mwenye nyumba mpaka kiunoni. Aliyepita njiani alimwona akimwagilia maua na akamsalimu. Ukuta wa tofali wenye vigae vya chupa juu yake unafanya barabara iwe ya watu wasioonana, na nadhani ndiyo sababu wapitanjia wanaihofu jioni zaidi kuliko vichochoro vya Makorongoni, ambako walau kuna mama anayekaanga vitumbua akiona kila anayepita. Miti bado ipo, hata hivyo. Njoo Oktoba mijakaranda ikichanua, utaitambua barabara yako.

SWALI: Naomba maana ya majina ya mitaa mingine ya Iringa: Miyomboni, Makorongoni, Mwembetogwa na Kitanzini. — Dereva wa bajaji, Ipogolo

JIBU: Matatu ya kwanza yanajieleza. Miyomboni ni penye miyombo, ile miti ya misitu yetu. Makorongoni ni penye makorongo, na ukipita huko wakati wa masika utayaona. Mwembetogwa ni mwembe uliouziwa togwa chini yake. Kitanzini ni jina zito zaidi. Ni kitanzi, kamba ya kunyongea, na wazee husimulia kwamba hapo ndipo Wajerumani walipowanyonga watu. Abiria akikuuliza, mwambie hivyohivyo, usilipambe. Akitaka kujua zaidi mshushe kwenye Boma la zamani la Wajerumani, ambalo tangu 2016 ni makumbusho.

SWALI: Marehemu baba alituachia nyumba Gangilonga. Kaka zangu wanataka kuigeuza kuwa hosteli ya wanafunzi, vyumba 24. Jirani ametuambia hatuna ruhusa. Hati iko kwa jina la baba. — Dada wa watano, Iringa

JIBU: Pole kwa msiba, dada. Jirani yako hajakosea, lakini hosteli si jambo la kwanza kwako. La kwanza ni hati. Maadamu bado ina jina la marehemu, ninyi watano mnaishi katika mali ya mirathi, na hakuna anayeweza kubadili chochote kisheria mpaka ukoo ukae kikao, umpendekeze msimamizi wa mirathi, na mahakama imthibitishe. Kaka anayemwaga mchanga uwanjani kabla ya hapo anajitafutia kesi na dada zake.

Hilo likiisha, isomeni hati. Hati za maeneo kama hayo hutaja matumizi kuwa ni makazi, na hosteli ya vyumba 24 ni biashara. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 mabadiliko ya matumizi ya ardhi yanahitaji kibali, na maombi huanzia halmashauri, kwa ofisa mipango miji. Majirani hupewa nafasi ya kupinga, kwa hiyo huyo jirani msimnunie. Mwiteni mapema, mwonesheni ramani. Kibali kikitoka hati nayo hurekebishwa, na kodi ya pango la ardhi hupanda kwa kuwa matumizi ni ya biashara. Kaka zako waweke hilo katika hesabu kabla ya kuhesabu kodi za wanafunzi.

Tena mwulizeni fundi kuhusu shimo la maji taka. Nyumba zile zilijengewa shimo la familia moja na mtumishi mmoja. Wanafunzi 48 wakioga asubuhi moja kabla ya kipindi cha saa moja, jirani hatahitaji kwenda halmashauri kujua kwamba matumizi yamebadilika.

SWALI: Nitakuja Iringa kwa basi kutoka Mbeya na mtoto wangu wa miaka tisa. Tunaweza kupanda jiwe la Gangilonga bila mwongozaji? — Baba Neema, Uyole

JIBU: Mnaweza, ila si peke yenu wawili. Barabara kuu ya Dar es Salaam hupita bondeni, haipandi mjini, kwa hiyo mkishuka stendi ya Igumbilo au Ipogolo mtatafuta daladala au bajaji ya kupanda kilima. Nendeni asubuhi, au mfike juu kabla ya saa kumi na moja jioni ili mshuke jua lingali lipo, kwa maana njia ya mwisho ni ya vichaka na wamewahi kuporwa watu waliochelewa wakiwa na simu mkononi. Mwombe kijana wa mtaani awafuateni, mpe chochote mkirudi. Mtoto avae viatu vya raba visivyoteleza, na abebe sweta hata kama Uyole mmezoea baridi. Pale penye ufa mwambieni asiingize mkono, kuna nyuki baadhi ya misimu. Aweke sikio tu.

Barua za toleo lijalo zitahusu Mwanjelwa, Mbeya. Wenye picha za soko la zamani kabla halijaungua mwaka 2006 watuletee nakala, si picha halisi.